Aliyeitwa Mama Imelda

Juzi nimeshuka Makambako kununua viazi, baridi ileile ya kukata masikio, nikamsikia muuza kabichi akimwita mwenzake kwa sauti ya kuvuka soko zima. Nikasimama. Maana hapo hapo, mwenzangu, ndipo bibi yangu alipoitwa jina ambalo kwetu hakuna aliyekuwa nalo.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Juni, nakaa kwa bibi mzaa baba kule Njombe. Asubuhi tunachuma mboga vidole vimekufa ganzi, jioni tunaota moto jikoni tukila makande, naye ananitania: "Mke mwenzangu, nani atakuoa na uvivu huo?" Kijiji kizima kilimwita Mama Ezekia, kwa jina la baba mkubwa, mtoto wake wa kwanza. Ndivyo tulivyojua.

Siku moja tulipeleka viazi sokoni Makambako. Mara mama mmoja mzee akapaza sauti: "Mama Imelda! Jamani, ni wewe?" Bibi akageuka upesi, kama mtu anayeitwa hivyo kila siku. Wakakumbatiana, wakanong'ona Kipangwa, lugha ambayo sikujua kama bibi anaijua.

Sasa mimi na umbea wangu ningetuliaje? Sisi Walutheri, kina Ezekia, Tumaini, Neema. Imelda ni jina la Wakatoliki! Nilimganda bibi njia nzima mpaka akanifokea. Kesho yake, tukimenya viazi, akasema mwenyewe bila kuniangalia. Kabla ya babu alizaa binti, upande wa Lugarawa. Wazazi wa kijana aliyempa mimba wakamchukua mtoto, yeye wakamfukuza. Babu alimwoa akijua yote, ila kwa sharti kwamba mtoto huyo asitajwe nyumbani kwake. Babu alishafariki, lakini bibi bado alilishika sharti lile.

"Yule mama wa sokoni kaniambia Imelda yuko hai, kaolewa Mawengi," akasema. "Nataka nimwone kabla sijafa. Ila akinifukuza je?"

Tulikwenda, baba mkubwa hana habari. Tulipopiga hodi alitoka mwanamke mwenye mvi, pua ya bibi kabisa. Bibi akajitaja. Yule mwanamke akashika mlango.

"Mama yangu alikufa nikiwa mchanga," akasema. "Ndivyo nilivyoambiwa. Kila Novemba namwombea misa ya marehemu."

Sisi Walutheri hatuombei wafu. Bibi alimtazama, machozi yakimtoka, kisha akacheka. "Kumbe ndiyo maana mpaka leo sijafa, mwanangu!"

Shangazi yangu Imelda akapiga magoti. "Shikamoo, mama."

Walipata miaka michache tu pamoja. Jiko lile la moshi limebomolewa, shamba la viazi sasa ni maparachichi ya watu, na mimi bibi yangu ninamkumbuka mpaka naumia.

Novemba iliyopita shangazi alitualika Mawengi. Tukajaza benchi la nyuma kanisani, hata baba mkubwa alikuwepo. Miaka yote ile shangazi alimwombea mama asiyemjua, macho makavu. Safari hii padri alipolisoma jina la bibi, alilia mpaka tukamshika.