Jina Kamili la Purity

Tangu ile Januari ya 2008, ya mapigano ya baada ya uchaguzi, Purity Njambi alijiandika Purity N. tu, hata kwenye kadi za harusi. Kule Timboroa, kwenye kizuizi cha mawe, jirani yao Felix ndiye aliyechukua kitambulisho cha baba yake Purity na kusoma jina kwa sauti, kabila lijulikane. Baba hakuvuka.

Julai 2017, kampeni zikiwa zimepamba moto, Purity alikuwa mpimaji wa ubora wa mahindi mjini Eldoret, na alitaka umeneja. Mwenzake Cherono akamfungulia ukurasa wa kazi mtandaoni. Wakaweka picha, cheo, hadi ghala analofanyia kazi.

"Sasa weka jina lote. Nani ataajiri herufi moja?"

"Wewe hujui jina linaweza kufanya nini!" Purity alifoka. Lakini miaka tisa ya kujificha ilikuwa imemchosha. Akaandika: Purity Njambi Mungai.

Kabla chai ya saa nne haijapoa, simu ikalia kwa ujumbe. Akasoma jina la aliyemwandikia. Alikuwa Felix.

"Hongera, Njambi. Kumbe hukuenda mbali."