Chupa Mbili za Dada

Mwalimu wa kemia hakutulia siku hiyo. Hata siku za kawaida si mtu wa kutulia. Mumewe humwambia kiti chake kina siafu. Lakini Jumamosi ile alizidi. Alipanga chupa zake mezani pale stendi, akazipangua, akazipanga tena.

Chama cha wanakemia kilikuwa kimempa ruzuku ya kupeleka kemia kwa wananchi. Kwenye maombi alitaja jamii na usalama wa majumbani, yale maneno matamu ya kumtoa nyoka pangoni. Kusema kweli, jamii yote hiyo ilikuwa mtu mmoja: dada yake mkubwa, msafisha vyoo vya stendi, aliyezoea kuchanganya dawa ya madoa na tindikali ya chooni kwenye ndoo moja ili uchafu utoke upesi. Kikohozi chake kilisikika hadi nyumba ya pili.

"Dada, mchanganyiko huo unatoa sumu," alishamwambia mpaka akachoka.

"Nimekubeba mgongoni, nikakusomesha kwa vyoo hivihivi. Leo unifundishe kushika fagio?"

Sikio la kufa halisikii dawa, mwalimu alijisemea, kisha akajuta kulitaja hilo neno kufa.

Watu walijaa, wakaulizia bei.

"Siuzi kitu. Nafundisha tu, bure."

Wakatazamana. Mtu wa chupa stendi, halafu hauzi? Hapo pana namna! Wakaanza kutawanyika. Mjumbe wa chama, aliyekuja kukagua, akatazama saa. Mwalimu akazipangua chupa tena.

"Nyie, rudini hapa!" Sauti ilikwaruza kutoka nyuma. Alikuwa dada, na sare yake ya buluu, ndoo mkononi, fagio kwapani. "Huyo mdogo wangu. Nani kasema bure? Ada yake nililipa mimi. Msikilizeni!"

Wakacheka, wakarudi.

Mwalimu alining'iniza kitambaa kilicholowa maji ndani ya chupa kubwa ya kioo. Akadondoshea chini yake matone ya zile dawa mbili za dada, akafunika haraka. Kitambaa cha buluu kikapauka, kikapauka, kikawa cheupe.

"Hicho ni kitambaa," alisema. "Kifua je?"

Dada alisogea, akainama. Kitambaa alikijua; kilikatwa kwenye sare yake ya zamani. Akatazama mabaka meupe kwenye sare aliyovaa.

Watu walipoondoka, mjumbe alianza kummwagia mwalimu sifa. Hazikumwingia. Alikuwa anamtazama dada akirudi kazini, ndoo kwenye kiwiko, ndani yake fagio tu, chupa ya dawa ya madoa mkono huu, ya tindikali mkono ule, ameitanua mikono kabisa zisikaribiane. Mabega yalimtikisika kwa kukohoa.

Mwalimu aliacha kila kitu mezani, akamkimbilia.

"Dada, nipe hilo fagio."

Dada alisimama kwanza mpaka kikohozi kikapita.

"Haya, njoo," alisema, "nikufundishe kulishika."