Kalekye Aliyeachwa Nje ya Fensi

Ukishuka Ikutha sokoni uulize nyumba ya Kalekye iko wapi, watakuonyesha njia vizuri sana, halafu watakuambia usiende, kwa sababu hayuko. Jaribu kanisani. Akikosa kanisani jaribu pale posho inasagwa, na akikosa hapo simama tu kando ya barabara, atapita. Anatembea akisuka kiondo, uzi wa mkonge umening'inia kwapani, vidole vinakimbia vyenyewe kama vya mtu anajibu magrupu kumi ya WhatsApp kwa wakati mmoja. Vijana wa bodaboda walimpatia jina Bluetooth, ati kila saa anatafuta mtu wa kuungana naye. Alipoelezwa maana yake akasema hakuna shida, ila yeyote atakayemuita hivyo atambeba bure hadi nyumbani. Sasa jina hilo linatumika tu akiwa mbali.

Alizaliwa ng'ambo ya mto Athi, Kalamba, upande wa Makueni, akavuka akaolewa huku na Kiilu, mwanaume mpole aliyeongea mara moja kwa wiki. Watu walisema Mungu aligawa maneno ya hiyo nyumba akampea bibi yote. Kiilu alishakufa, na kijana wao Ben anaziba pancha Makindu, kule Mombasa road, karibu na lile hekalu la Masingasinga ambapo msafiri anapewa chai na chapati bila kuulizwa anatoka wapi. Ben amemsihi mamake ahamie huko. Alijaribu. Alirudi kabla hata nguo zake hazijazoea kamba ya Makindu, akasema malori hayalali na yeye pia halali, sasa nani atakuwa anaamsha mwingine.

Shida ni kwamba boma ya Kiilu ndio ya mwisho. Baada ya choo ya Kalekye kuna korongo, baada ya korongo ni kichaka, na baada ya kichaka ni Tsavo. Jirani wake wa upande huo ni ndovu, na ndovu hajui kubisha hodi. Kiangazi kikikaza, ngamia nao wanafika kutoka mbali kufuata majani, na ngamia hajui hii ni kaunti gani. Halafu kuna wale wenye miguu miwili wanaopitia hapo hapo na mbuzi za wenyewe. Ndio maana maneno ya fensi yalipoanza, fensi ya mpaka, yenye waya ya stima na kambi ya askari kando yake, hakuna mtu aliipigia kelele kama Kalekye. Aliongea kwa mazishi, kwa harusi, hata mtoto akibatizwa alikuwa na tangazo dogo la fensi.

Basi watu wa kupima wakaja, na ile darubini yao ya miguu mitatu. Walimchukua Mwau, ndugu ya marehemu Kiilu, awe akigonga vigingi. Mwau ni fundi wa mabanda ya mbuzi, mkono mzuri, lakini akili yake ikishaanza kazi haiulizi kazi inaenda wapi. Vigingi vya serikali viliisha njiani. Mwau akafanya vile kila mtu hapa hufanya akikosa posti: akakata matawi ya ule mti wa kujengea banda, ule ukichomekwa kwa udongo unashika, akayachonga, akayagonga kwa laini, akayapaka rangi nyekundu. Wapima wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao.

Laini ilipita kati ya nyumba ya Kalekye na kijiji. Yaani kijiji huku, fensi hapa, na Kalekye kule, pamoja na ndovu.

Kalekye aliona, akacheka. Alidhani ni vijiti tu, vitasongeshwa siku waya ikija. Lakini mvua ya Novemba ilinyesha vizuri, na kule bunge la kaunti fensi ilikuwa bado inajadiliwa, ikarudishwa kwa kamati, ikatoka kwa kamati, ikarudishwa tena. Wakubwa wakabishana mpaka vijiti vya Mwau vikamea. Vikatoa majani.

Na hapo ndio mambo yaliharibika, kwa sababu kijiti kikavu ni kijiti, lakini kijiti cha mpaka kikishatoa majani ni kesi ya ukoo. Mpaka uliomea haung'olewi hivi hivi. Kalekye alienda kwa wazee wa ukoo, wakamsikiza wakitingisha vichwa, wakamwambia pole, anayeweza kuung'oa ni yule aliyeupanda, kwa mkono wake na kwa kupenda kwake, na mbuzi ichinjwe. Mtu mwingine akigusa, atajijua.

Akaenda kwa Mwau. Alimpata ameinama anaunga mlango wa banda, misumari mdomoni.

"Shem, kuja ung'oe ile kitu yako."

Mwau akatoa misumari pole pole, moja moja, mtu unaona kabisa anatafuta jibu. "Mama Ben, ile si yangu. Ni ya serikali."

"Serikali inamea majani?"

"Wapima walisema laini ikibadilishwa, itasemekana mimi ndio nilipanda vibaya. Na niliambiwa fensi ikikuja nitakuwa askari wa lango. Na uniformu." Akahesabu misumari kiganjani. "Na wewe si utapewa lango? Utakuwa unapita."

"Nipite niende wapi? Ndovu akija saa ya kupika nimwambie angoje, nimuitie Mwau afungue?"

Mwau akarudisha misumari mdomoni. Kwa ukoo huo, hiyo ni kusema mkutano umeisha.

Kutoka siku hiyo Kalekye alikosa pahali pa kuweka mwili. Kiondo alichosuka kilitoka kimepinda, akakifumua, akaanza tena, kikapinda tena. Alienda kwa chifu, chifu akamwambia ni jambo la kaunti. Alipanda hadi kwa Mheshimiwa Nyamai, mjumbe aliyeleta hoja ya fensi bungeni, mtu wa tabasamu refu na simu tatu. Nyamai alimkaribisha, akamwagiza soda, akamwomba sana asiharibu. Pesa ipite kwanza, alisema, mambo ya laini tutaangalia baadaye. Kalekye alitoka hapo na soda haijafunguliwa. Hajaenda shule sana, lakini ameishi, na anajua kitu ikishaingia kwa bajeti na ramani yake, baadaye haifiki. Ben akapiga simu kutoka Makindu kusema kitanda kiko. Alimkatia.

Halafu ikatangazwa kwamba bunge lenyewe linakuja Ikutha. Kikao cha mashinani, tenti, viti vya plastiki, rungu la bunge limeletwa kwa gari lake peke yake kama bibi harusi. Hoja ya siku: kuitaka serikali itenge pesa ya fensi na usalama wa mpaka, kulingana na ramani ya wapima. Ikipita hivyo, Kalekye ako nje. Na kila mtu alijua itapita, hata Mheshimiwa Mulwa wa visima akipinga, kwa sababu nusu ya Ikutha ilikuja kuhakikisha.

Alifika mapema, akakaa nyuma, akahama, akakaa katikati, akahama. Askari wa bunge, mtu wa glavu nyeupe na joto yote hiyo, alisimama akawaeleza wananchi sheria. Mgeni haongei. Mgeni hapigi makofi. Mgeni akiongea atatolewa, hata kama tenti ni ya kwao. Wamama wa kanisa wakamwangalia Kalekye wote pamoja, vile watu huangalia sufuria ya maziwa iko karibu kufurika.

Spika akaingia, watu wakasimama, na ikawa wakati wa kufungua na maombi. Pasta aliyealikwa hakuwa amefika. Wakangoja kidogo, Spika akaangalia saa, akasema basi mama mmoja wa kanisa atuombee, kwa ufupi.

Kalekye alikuwa ameshafika mbele kabla sentensi haijaisha. Hakuna mtu alimuona akitembea. Nyamai alimuona ameshika maiki, na lile tabasamu refu likakunjwa likawekwa mfukoni.

"Tufunge macho," akasema Kalekye. Watu wakafunga. Spika akafunga.

Alianza vizuri, kwa kushukuru. Akashukuru kwa mvua, kwa ndengu, kwa waheshimiwa na magari yao kufika bila kukwama. Akaombea gavana, akaombea Spika na ndoa yake. Askari wa glavu akaanza kulegea. Halafu sauti ikashuka.

"Baba, wewe ndio ulinitoa Kalamba ukanivusha Athi, sikujileta. Unajua boma yangu, unajua na ile laini. Baba, ulimwambia Nuhu ajenge safina, akaingia yeye na bibi yake na wanyama, wote ndani. Hukumwambia afunge mlango, bibi abaki nje na wanyama."

Mtu mmoja kwa tenti akakohoa, ile kohoa ya kuficha kicheko. Mjumbe mmoja alisimama kudai hoja ya nidhamu, mkono juu. Akaangalia, kila mtu amefunga macho, wamama wanaitikia ndio Baba, ndio Baba. Kuna mtu anaweza kumkatiza mwenzake bungeni, lakini kumkatiza Mungu Ukambani, na uchaguzi unakuja? Akakaa.

"Fensi tunaitaka, Baba, usiache ianguke kwa sababu yangu. Mheshimiwa Mulwa anataka maji, mpatie maji, lakini asinishike mimi kama jiwe ya kurushia wenzake. Na mkumbuke Mwau. Hakupanda vibaya, alipanda vile alionyeshwa. Mpatie ile kazi ya lango, hata laini ikisongeshwa, mpatie na uniformu. Ni mtu mzuri, ni vile tu anaogopa. Kwa jina la Yesu."

Tenti yote ikasema amina. Spika alisema amina. Nyamai alisema amina, kwa sababu kamera ya kaunti ilikuwa inamwangalia.

Kalekye akarudi kwa kiti, na hapo ndio shida yenyewe ilimfikia. Maana kikao kilianza, Nyamai akasoma hoja yake haraka kama mtu anameza dawa, na Mulwa akasimama kumpinga. Huyu Mulwa ni mjumbe anayependa visima, na ile siku Mungu alikuwa amemletea nyundo mkononi. Akauliza bunge kama hii ndio usalama wanalipia, fensi ya kufungia wajane nje. Akasema pesa yote iende kwa maji, fensi iangushwe. Watu wake wakagonga meza. Kalekye aliona ile kitu ameililia miaka yote inaanza kuzama, na ni yeye ameitoboa. Alitaka kusimama. Glavu nyeupe ilikuwa nyuma ya bega lake.

Alichoweza ni kuangalia. Akamwangalia Nyamai, hakupepesa, akamwangalia vile mama wa kanisa humwangalia kijana aliyeahidi kutoa viti.

Nyamai akainuka. Alikuwa amekasirika, ilionekana kwa shingo, lakini siasa anaijua. Akasema wakati wa maombi roho yake iliguswa, watu wakaguna, akaendelea. Akaomba hoja irekebishwe: fensi isifuate ramani ya wapima, ifuate boma ya mwisho, ipite ng'ambo yake, upande wa korongo. Mulwa akabaki na nyundo bila msumari. Spika akauliza wanaokubali, sauti ya ndio ikatikisa tenti, wanaokataa wakajibu kidogo kama watu wanajibu simu kwa matatu, na ikapita.

Nje, Nyamai alimfikia kabla hajapotea. "Mwaitu, mama yangu, yale hayakuwa maombi. Ilikuwa kampeni."

"Si ulisema amina?"

Mwau alikuwa kando ya tenti, kofia mkononi, hajui aiweke wapi. Hakuongea habari ya maombi. Aliuliza tu kama mbuzi iko, na kesho yake asubuhi akaja na jembe. Wazee walikuja, mbuzi ikaliwa, Mwau akang'oa matawi yake moja moja na udongo wake, akayavusha nyuma ya nyumba, akayapanda karibu na korongo. Kalekye alitangulia mbele akimwonyesha pa kuchimba, na kila alipoonyesha alisogea mbele tena kidogo.

"Mama Ben," Mwau akasema akipangusa jasho, "tukienda hivi tutawafensi ndovu ndani pamoja na sisi."

Matawi yalishika. Waya haikuja. Kalekye aliuliza, akaambiwa hoja ni hoja, pesa ni bajeti ya nyongeza. Akaenda kuuliza bajeti ya nyongeza iko wapi, akaambiwa iko kwa kamati. Sasa alikuwa ndani ya fensi, kisheria kabisa, na fensi yenyewe ilikuwa majani.

Kiangazi kilipofika ngamia walifika pia, na mzee wao mmoja mwenye kikoi, mtu wa adabu, aliyesalimia kutoka mbali. Kalekye alikuwa kwa shamba la ndengu. Alipoinua kichwa, ngamia mmoja mrefu alikuwa amesimama juu ya mpaka, anatafuna majani bila haraka, kigingi kimoja baada ya kingine, kama mtu anasoma gazeti. Mzee akakimbia kumvuta, akaomba msamaha, akasema hakujua ni fensi. Kalekye akamwambia si makosa yake, hata walioipitisha hawajui.

Akatafuta simu kwa kifua, akapiga, akitembea huku na huku kati ya matawi yaliyobaki. Nyamai alishika kwa simu ya tatu.

"Mheshimiwa," akasema, "mpaka yako inaliwa. Leta waya."