Baba Alipoacha Kukoroma
Juzi sokoni Kashikishi, katikati ya harufu ya samaki wakavu, nilimwona mtu amebeba tarumbeta, nikamkumbuka baba, ambaye nyumbani tulimwita papa. Alivua usiku na kulala mchana, akikoroma vibaya, na mara nyingine pumzi ilimkatika kabisa. Kisha akaingia bendi ya kanisa, akapuliza tarumbeta kila siku kwa miezi mingi.

Alasiri moja nilitoka shule nikakuta nyumba kimya, baba amelala chumbani bila kukoroma. Nikakimbilia jikoni nikilia.

“Mama, papa amekufa.”

Mama alinirudisha chumbani, akauweka mkono wangu kwenye kifua cha baba. Kilipanda, kikashuka polepole.

“Analala tu, mutoto. Tarumbeta imemufungulia koo.”

Leo najua kupuliza huimarisha misuli ya koo. Siku ile niliamini Mungu alikuwa amemrudisha, nikalala kando yake.