Ukuta Alioula Hamisa

Jamani, mtu kula ukuta! Sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka mdogo wangu Sadala alipomwoa Hamisa, tukiishi hapa Kabuku enzi za Mwingereza. Mchapakazi? Wee! Akishika jembe, sisi wanaume tulikuwa tunaona haya. Mimi aliniita "shemeji mvivu," na wala hakukosea.

Ila alikula udongo. Wajawazito wengi huonja, lakini yeye hata asipokuwa na mimba. Mimba mbili zikaharibika. Mganga wa serikali kule Korogwe akamfunua jicho, akasema ni safura, damu imekwisha, na akiendelea hivyo atakufa. Hamisa akalia, akamshika Sadala mkono mbele yangu.

"Nimeacha, mume wangu. Sigusi tena."

Tukamwamini. Akashika mimba nyingine, ikatulia. Masika yale Sadala akaniita, mchwa wanamaliza ukuta wa chumbani, nikamsaidie kukandika. Tukasogeza kitanda. Mchwa gani! Fito zilikuwa nje, na udongo una mikwaruzo ya kucha, pale pale anapolaza kichwa mkewe. Nikamtazama Sadala. Akainama.

"Tuchanganye na majivu, kaka. Udongo wa majivu hataupenda."

Nilitaka kumfokea yule mwanamke, wallahi nilitaka. Nikamfuata jikoni. Midomo ilikuwa imempauka, anahema kwa kukoroga uji tu.

"Shemeji," akaniwahi, "mvua ikinyesha ukuta unanukia, nami siwezi. Nifanyeje?"

Hasira zikaniishia palepale.

Tukakandika kwa majivu. Tukarudia kwa samadi na pilipili. Sadala akahamishia kitanda katikati ya chumba, na ukuta ukabaki mzima, tukamshukuru Mungu. Kumbe mwenzetu kahamia kwenye kichuguu cha nyuma ya choo.

Mtoto alizaliwa hai, wa kike. Mama yake damu haikumtosha.

Makaburini kila mmoja alichota udongo kwa mkono, akautia kaburini. Ikafika zamu ya Sadala. Akachota, akasimama nao kiganjani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, udongo unanukia kweli kweli. Watu wakangoja. Mzee mmoja akakohoa.

"Kaka," akaninong'oneza, "ndio nimpe mimi mwenyewe?"

Nikamshika mkono, nikamfumbua vidole kimoja kimoja, mpaka ukaanguka wote.