Kanzu ya Kila Alhamisi

Mwenzenu kuna aibu naibeba mwaka wa pili sasa, na leo naitua hapa, mniseme mtakavyo. Kazi yangu ni kusikiliza watu (mtu anakaa kwenye kochi langu pale Temeke, anatoa ya moyoni saa nzima, mie nimenyamaza), halafu Jumamosi naandika visa vyao kwenye vitabu vya kusomwa na kila mtu. Majina nabadilisha, na nilikuwaga najisifu kwamba hata mgonjwa mwenyewe akisoma hatajijua.

Basi kulikuwa na mama mmoja, tumwite Mama Zuhura, ambaye mumewe alimwacha akaenda kuoa Tanga. Wapangaji wenzake aliwaambia bwana yupo, anafanya kazi ya zamu bandarini, ndiyo maana hawakutani naye, na kila Alhamisi anafua kanzu ya yule bwana na kuianika uani ili nyumba nzima ione kwamba kesho kuna mwanaume wa kwenda msikitini. Alinieleza akilia, akasema siku wakijua, atahama.

Nikakiandika. Watoto watatu nikawafanya watano, Temeke nikaifanya Gongo la Mboto. Kanzu nikaiacha, kwanza Dar hii kanzu ziko ngapi, na pili (niseme ukweli) ndiyo iliyokinogesha kisa.

Siku moja kikundi cha akina mama wa hapohapo Temeke wakanialika nizungumzie malezi. Nikaona wanapiga miayo, nikachomoa kitabu, nikawasomea kile kisa. Ukumbi ukachangamka, sifa zikanipanda kichwani, nikawa naigiza mpaka anavyoikung'uta ile kanzu kabla ya kuianika. Ndipo mama mmoja wa mbele, kumbe ndiye mwenye nyumba, akamgeukia jirani yake, akasema bila hata kupunguza sauti, "Huyu si mpangaji wangu? Ndiyo maana yule bwana simwonagi."

Hapo ningenyamaza tu yakaisha. Lakini mie nikajitia kufafanua kwamba jamani huyo ni mtu wa Gongo la Mboto, nikarudia mara ya pili hakuna aliyeniuliza, na wakati nasema macho yangu yakaenda yenyewe kwenye viti vya nyuma, ambako Mama Zuhura alikuwa amekaa na upindo wa khanga mdomoni (aliingia wakati nimeinamia kitabu). Ukumbi mzima ukageuka kutazama ninakotazama.

Hakulia. Alisubiri watu waanze kunywa chai, akanifuata mezani, akanisalimia kama siku zote, kisha akasema, "Daktari, ungeniuliza ningekubali. Ningekuomba tu hiyo kanzu uifanye shati."

Nikabaki nakunjakunja karatasi zangu za malezi. Niliona haya, na haya ile haijanitoka. Mwezi haukuisha, akahama, na kwangu hakuja tena.

Tangu siku ile nimeapa: sichapishi kisa kabla mwenyewe hajasomewa, na akikataa nachana. Wengi wanakataa, na kitabu kipya kimekuwa chembamba hasa. Hata hiki mnachosoma nilimpigia simu Mama Zuhura, nikamsomea chote mwanzo mpaka mwisho, nikamwambia neno moja tu lake nakifuta.

"Andika tu, daktari," akasema. "Si wameshajua wote."