Mbuzi Wawili kwa Msiba Mmoja

Katika kijiji kimoja upande wa Kabambare, Kongo, zamani za Wabelgiji, hakuna aliyegusa nyama ya karamu kabla Bulaimu hajapitisha kisu. Waislamu walikula, Wakristo walikula, na wale wa mizimu walikula wakaomba nyongeza. Mwislamu achinje, wote wale, basi! Kulikuwa na ubaya gani?

Misheni ikauona ubaya. Ikawakataza walimu wake wa dini kula nyama iliyosomewa bismillahi. Atakayekula, kazi hana. Na mwalimu wa kijiji hicho alikuwa Zéphirin, mdogo wake Bulaimu, tumbo moja.

Mama yao alikufa akiwa amewaagiza: kwenye msiba wangu mle chungu kimoja. Bulaimu akachinja beberu, akamwachia dada yao Feza apike, akaenda kusali. Feza hakuwa wa msikiti wala wa misheni. Alikuwa wa mama yake tu. Nyuma ya nyumba, Zéphirin akadhani ameona njia ya kula bila kupoteza kazi. Akampiga mbuzi wake shoka la kichwa, akamkatakata, akaimwaga nyama chunguni juu ya ile ya kaka yake. Chungu si ni kimoja? Lo, mjinga yule!

Bulaimu akarudi, akaliona shoka lina damu na chungu kimejaa kuliko alivyokiacha.

"Umetia kibudu kwenye chakula cha mama?"

"Yaya, kaka yangu, iko nyama tu. Nilitaka tule wote."

"Wote? Sasa nani atakula?"

Akamtandika ngumi, jino likaruka. Zéphirin akaokota shoka, mpini ukatua begani kwa Bulaimu na mfupa ukalia. Majirani wakasimama kutazama. Ndugu wakigombana shika jembe ukalime, hilo walilijua sana, waoga wale! Feza peke yake aliacha mwiko, akajitia katikati kuwatenganisha. Bulaimu, hasira imempofusha, akakipiga chungu teke. Kikapasuka. Mchuzi unaochemka ukamrukia Feza kuanzia kifuani hadi miguuni, na walipomvua kitenge, ngozi ilitoka nacho.

Askari wa Bula Matari wakaja mbio, maana serikali hiyo ya Wabelgiji iliogopa vurugu za dini kuliko njaa. Wakawalaza ndugu wote wawili kifudifudi uwanjani, wakawachapa fimbo hadi udongo ukalowa damu. Bulaimu hakulia kwa fimbo. Alilia alipoinuka, akaambiwa Feza amekata roho.

Walichimba kaburi la Feza wenyewe, migongo inavuja. Hakuna aliyesoma Kiarabu wala Kilatini, aibu iliwafunga midomo. Kisha wanawake wakaja kwa woga kumuuliza Bulaimu nani atachinja.

"Mupike sombe," akasema. "Bila nyama. Mutupe sahani moja, mimi na yeye."

Wakaletewa bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa. Zéphirin akamega tonge, machozi yakimdondokea kwenye mboga.

"Yaya, siwezi."

Bulaimu akaushika mkono wenye tonge, akausukuma mdomoni kwa mdogo wake kwa nguvu, kama anayempiga.

"Kula," akasema. "Si ndivyo mama alitaka? Kula!"